Pango la Noeli na Nyaya Zilizo Chini Yake



Kila Majilio yanapokaribia, vikundi vya vijana huanza kuulizana nani atajenga pango la Noeli, kwa vifaa gani na kwa fedha ya nani. Ni maswali mema. Lakini yako mawili yanayoyatangulia, nayo mara nyingi hatuyaulizi. La kwanza: je, pango letu linasema kweli juu ya mahali tunapoishi? La pili: je, mambo yasiyoonekana chini ya pango, yaani nyaya, viungo vyake na chanzo cha mwanga wake, nayo yanasema kweli? Tunapenda kuyatafakari maswali hayo pamoja nanyi kwa kutumia kazi tuliyoifanya hapa Mapendo katika Majilio ya mwaka 2025.

Pamba juu ya mawe meusi

Wengi wetu tumekua tukiona mapango ya Noeli yaliyotandazwa pamba. Pamba hiyo husimama mahali pa theluji. Lakini theluji iliyo karibu nasi iko kwenye vilele vya Ruwenzori, nasi tunaishi Goma, mji uliojengwa juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na mlima Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima huo ulishuka hadi katikati ya mji, ukateketeza maelfu ya nyumba pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Mawe yaliyopoa ndiyo tunayoyajengea kuta, ndiyo tunayoyapasua kwa nyundo, ndiyo yanayokula viatu vyetu. Mtoto wa Mapendo anayepiga magoti mbele ya pango lenye theluji anaweza kudhani kwamba Mwana wa Mungu alizaliwa kwa ajili ya watu wengine, huko mbali, katika nchi isiyofanana hata kidogo na yetu.

Hatuwalaumu wazee wetu. Wao walipokea pango pamoja na picha na kadi zilizotoka Ulaya, ambako Noeli huangukia majira ya baridi, wakalitunza kwa heshima. Ila tukirudi kwenye chanzo tunakuta jambo la kutushangaza. Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliadhimisha Noeli kwa namna mpya katika kijiji cha Greccio, nchini Italia. Hakuagiza sanamu. Alimwomba rafiki yake wa huko, aliyeitwa Yohane, atayarishe hori lenye nyasi kavu, pamoja na ng'ombe na punda. Watu wakaja usiku na mienge na mishumaa, na Misa ikaadhimishwa penye hori lile. Fransisko alitaka kuiona kwa macho ya mwili taabu aliyoipata Mtoto Mchanga kwa kukosa mahitaji yake. Basi pango lile la kwanza lilijengwa kwa vitu vya kijiji chenyewe: nyasi za hapo, wanyama wa hapo, watu wa hapo.

Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko alikwenda Greccio, akatia sahihi huko barua yake juu ya maana ya pango la Noeli, iitwayo kwa Kilatini Admirabile signum. Humo anatukumbusha kwamba waamini wamezoea kuongeza sanamu zisizotajwa katika Injili: mhunzi, mwoka mikate, wanawake wenye mitungi ya maji, watoto wanaocheza. Hao wote, asema, wana nafasi yao, kwa sababu utakatifu huishiwa katika mambo ya kila siku. Nasi tulipoisoma barua hiyo katika kikundi tulijiuliza: mwanamke wetu mwenye mtungi ni nani, kama si yule apandaye kutoka ziwani alfajiri na bidoni ya njano mgongoni?

Treni ambayo hatukuijenga

Wazo la kujenga nchi nzima juu ya ubao mmoja halikutoka kwetu wakubwa. Vijana walikuwa wameona katika simu picha za reli ndogo za Hamburg, huko Ujerumani, mahali paitwapo Miniatur Wunderland palipofunguliwa mwaka 2001. Huko treni zilizo nyembamba kama vidole hupita milimani, huingia stesheni, huvuka madaraja, na jioni bandia inapofika, taa za miji yote huwaka. Kipimo chake ni moja kwa themanini na saba, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, hata mtu wa mita moja na sabini anakuwa na urefu wa sentimita mbili hivi. Mtazamaji huona milima na misitu. Mjenzi anajua kwamba mlima ule ni kifuniko, na kwamba chini yake kuna nyaya nyingi, kila moja na kazi yake. Waya mmoja ukiungwa vibaya, treni husimama na mji hulala gizani, ingawa mlima ungali mzuri vilevile.

Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, nasi tuweke treni izunguke pango." Shauri lake lilitupa mkutano mzima. Nchi yetu inazo reli, na mashariki pia zipo: ile ya Kisangani hadi Ubundu, ya kilomita 125, iliyomalizika mwaka 1906 ili kukwepa maporomoko ya Boyoma; na ile itokayo Kindu ikapita Kongolo na Kabalo hadi Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Zilijengwa kwa jasho la wazee wetu, na wengi hawakurudi nyumbani. Mama mmoja wa parokia, mzaliwa wa Kindu, alikaribishwa atueleze. Akatusimulia jinsi abiria wanavyoshuka na kupika kando ya njia wakati treni imekwama, na jinsi watoto wanavyotambua mlio wake kabla wakubwa hawajausikia. Tulimsikiliza kwa furaha. Lakini Goma haijawahi kuwa na reli. Mwishoni kijana aliyekuwa kimya muda wote akauliza: "Tukiondoa pamba kwa kuwa si kweli yetu, treni nayo tutaiwekaje?"

Hakuna aliyepata jibu. Badala ya treni tukachora njia ya mawe, na juu yake tukaweka kile kinachobeba mji huu kila siku, yaani chukudu. Msichana aliyeitaka treni ndiye aliyeichonga chukudu ya kwanza, kwa kipande cha mkaratusi, na magurudumu yake akayavisha ukanda mwembamba wa mpira wa tairi kama mafundi wanavyofanya. Akaipakia magunia matatu ya makaa, yasiyozidi ukubwa wa kidole gumba.

Kuitazama nchi yetu

Tuwaeleze kidogo namna tulivyofanya, kwa faida ya vikundi vitakavyotaka kujaribu.

Msingi wetu ulikuwa mlango wa zamani wa mbao, wenye urefu wa mita mbili, uliolazwa juu ya viti vinne. Tulichagua kipimo cha moja kwa ishirini. Mtu wa mita moja na sentimita sitini akawa na urefu wa sentimita nane. Chukudu ya mita mbili ikawa sentimita kumi. Kipimo ni mwalimu mkali: kikiisha kuchaguliwa, hakimruhusu mtu kumfanya tajiri mkubwa na maskini mdogo. Mamajusi wenye dhahabu na kijana mwenye chukudu walitoka katika hesabu moja.

Hata hivyo kipimo hicho hicho kilituletea taabu. Nyiragongo ina urefu wa mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi. Tofauti yake ni mita elfu mbili. Ukizigawa kwa ishirini unapata mita mia moja, mlima mrefu kuliko kanisa lolote la mji wetu. Basi tukafuata njia wanayoitumia wajenzi wa reli ndogo: vitu vya mbele vifuate kipimo kamili, na vya nyuma vipunguzwe hatua kwa hatua, nyumba ziwe ndogo, miti iwe midogo zaidi, hadi jicho lenyewe likubali kwamba mlima uko mbali. Mlima wetu ulikuwa na kimo cha sentimita sitini tu, lakini mtoto aliyechuchumaa mbele yake aliuona mkubwa.

Mwili wa mlima tuliufanya kwa karatasi za mifuko ya saruji, zilizorowekwa katika uji wa unga wa muhogo na kubandikwa tabaka kwa tabaka juu ya kiunzi cha matete. Kila tabaka lilihitaji siku moja au mbili kukauka, na katika mvua za Novemba hata tatu. Mwenye haraka aliyebandika juu ya tabaka bichi aliona ukungu siku ya nne. Mawe tuliyaokota nje ya mlango, tukichagua yale mepesi yenye matundu, maana mlango ungevunjika kwa uzito. Majani ni unga wa mbao kutoka kwa seremala, uliotiwa rangi ya kijani na kukaushwa juani. Ziwa ni kioo cha dirisha lililovunjika, kilichopakwa rangi ya buluu upande wa chini ili uso wake ubaki ukimeremeta.

Katika kazi hiyo tuligundua jambo la kiroho. Vijana waliozaliwa hapa hawakujua mlima wao una umbo gani. Walipoambiwa wauchore bila kuutazama, kila mmoja alichora pembetatu. Ikabidi tutoke nje asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, tukasimama tukautazama. Ndipo walipoona kwamba kilele chake kimekatwa kama kikombe, na kwamba mabegani mwake mna vilima vingine. Mtu aweza kukaa miaka ishirini chini ya mlima asiuone, kama anavyoweza kukaa miaka ishirini karibu na jirani asimwone. Mandhari ya kweli huanza kwa kutazama, na kutazama kwa subira ni mwanzo wa mapendo. Hilo ndilo jina la mtaa wetu, nasi tunalitamka kila siku bila kulisikia.

Hema na midomo yake

Sehemu ngumu kuliko zote haikuwa mlima. Ilikuwa hema.

Mnajua yaliyotupata. Kwa miaka mingi familia zilizokimbia vita ziliishi pembezoni mwa mji wetu chini ya maturubai, huko Kanyaruchinya, Bulengo na kwingineko. Mwezi wa Januari 2025 vita vikaingia mjini, na mwezi uliofuata kambi zikavunjwa. Wengine walirudi vijijini, wengine walitawanyika, wengine wako kati yetu, katika vyumba vya kupanga na katika nyumba za ndugu. Kijana mmoja akapendekeza tuweke hema moja katika pango. Wazee wawili wa parokia walipinga kwa upole, na hoja yao haikuwa ya kudharauliwa. "Noeli ni furaha," walisema. "Watu wamelia mwaka mzima. Waacheni wapumzike siku moja." Wengine waliogopa kwamba waliokaa kambini wataona haya mbele ya waamini.

Hatukutaka kuamua juu yao bila wao. Tukamwendea mama mmoja aliyekaa Kanyaruchinya na watoto wake, tukamwonyesha hema tulilolitengeneza. Alilishika mkononi, akaligeuza, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hili si hema. Mlango umeelekea upepo. Mkikaa humu usiku wa mvua mtaona. Na mawe ya kubana pembeni yako wapi?" Akaketi, akalitengeneza upya yeye mwenyewe. Mlango akaugeuza. Pembeni akapanga vijiwe kumi na viwili. Nje akaweka jiwe tatu za jiko, na juu yake kifuniko cha soda kiwe sufuria. Tulipomwuliza kama linamtia haya, alijibu: "Haya ya nini? Bikira Maria alijifungulia wapi?"

Jibu hilo lilimaliza mashauri yetu, na wale wazee wawili wakaliridhia. Hema likakaa hatua chache kutoka kwenye kibanda cha Familia Takatifu, ujirani wa watu wasiopata nafasi katika nyumba ya wageni. Furaha ya Noeli haikupungua. Injili ya Luka inatuambia kwamba habari njema iliwafikia kwanza watu waliokesha nje usiku. Na mtu aliyekesha nje anajua upepo unatoka wapi.

Waya unaopita nyuma ya ukumbi

Sasa tuje kwenye mwanga.

Kati yetu alikuwamo kijana fundi wa umeme, hodari, mwenye mkono mwepesi. Alituhesabia taa tulizozitaka, akatuambia kwamba kwa taa kubwa za rangi pango litaonekana hata barabarani. Fedha ya kuunganisha umeme kwa halali hatukuwa nayo. Ndipo akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nguzo iko nyuma ya ukumbi. Nikipanda usiku mmoja, pango litang'aa hadi Ubatizo wa Bwana, na hakuna atakayejua."

Vijana wapendwa, msifikiri kwamba alikuwa mwovu. Alikuwa na hoja, na baadhi yenu mngeitetea. Alisema kwamba watu hulipia umeme unaokatika kila mara. Alisema kwamba waya ule unapita juu ya vichwa vya maskini ukienda kwa wenye uwezo. Alisema kwamba mitaani wengi hufanya hivyo, na kwamba safari hii ingekuwa kwa ajili ya Kanisa.

Tulimjibu hoja moja baada ya nyingine, bila hasira. Malalamiko, hata yakiwa ya haki, yana njia zake. Hayamgeuzi mtu kuwa mwenye mali ya mwingine. Amri ya saba haikuandikwa kwa ajili ya mali ya watu wema peke yao. Tena tulimwuliza, nani hasa atalipa? Waya ukizidiwa, hafifu inakuwa taa ya fundi cherehani jirani, ambaye analipa kwa shida. Kiungo kilichofungwa gizani kwa haraka hupata moto, na nyumba zetu ni za mbao zilizobanana. Ikishika moja, zinafuata kumi. Na juu ya hayo yote, tungemsimamisha Mtoto Yesu chini ya taa ambayo hatungethubutu kumwambia imetoka wapi. Sadaka ya wizi haipandi madhabahuni, hata ikiwa ni sadaka ya mwanga.

Hatukumfukuza wala hatukumwaibisha mbele ya wenzake. Tulimkabidhi kazi yote ya nyaya, tukampa sharti moja tu: kila kitu kiwe halali na salama, kwa uwezo tulio nao. Mzazi mmoja alituazima batri ya volti 12, yenye uwezo wa amperi-saa 7, inayochajiwa kwa paneli ya jua iliyo juu ya paa lake.

Kijana yule alifanya kazi nzuri kuliko tulivyotazamia. Alichukua vitaa vidogo vyeupe visivyokula umeme mwingi, vile viitwavyo LED, thelathini na sita kwa jumla. Kila kimoja huhitaji volti tatu hivi. Akaviunga vitatu vitatu kwa mfululizo, kila kundi likiwa na kikinza cha omu 150 ili umeme usizidi. Kisha makundi yote kumi na mawili akayaunga sambamba kwenye batri. Alitufundisha sababu yake. Vitaa vyote vikiungwa katika mfululizo mmoja, kimoja kikifa vyote vinazimika. Makundi yakiungwa sambamba, moja likizimika mengine yanaendelea kuwaka. Kila kundi lilitumia sehemu 20 za elfu za ampea, na yote pamoja hayakufika robo ya amperi moja. Karibu kabisa na batri aliweka fyuzi, ili waya wowote ukigusana na mwingine, fyuzi ikatike kabla ya kitu kushika moto. Tulikubaliana tusiimalize batri zaidi ya nusu, kwa kuwa batri inayokaushwa kila siku hufa mapema. Kwa hesabu hiyo tulipata saa kumi na nne hivi za mwanga, yaani jioni nne au tano za saa tatu, kabla ya kuirudisha juani.

Kazi hiyo yote ilikuwa chini ya mlango, nyuma ya kitambaa, mahali ambapo hakuna mwamini angechungulia. Hata hivyo waya wa chanya ulikuwa mwekundu kila mahali, wa hasi mweusi. Kila kiungo kililehemiwa na kufunikwa kwa utepe. Kila kundi lilikuwa na kikaratasi: "ziwa", "hema", "kibanda", "njia". Tulimwuliza kwa nini anajisumbua kuandika pasipoonekana. Akacheka, akasema kwamba fundi anayekuja baada yako naye ni jirani.

Katika mkesha wa Noeli wapo waliosema kwamba pango letu lina mwanga hafifu. Ni kweli, lilikuwa hivyo. Halikuonekana barabarani. Ilibidi mtu aingie, asogee, ainame. Ndipo aone kitaa kilicho ndani ya hema, na kingine juu ya hori. Siku ya pili vitaa vitatu vya ziwa vilizimika wakati wa ibada. Mengine yote yakaendelea kuwaka. Kijana wetu aliinua kitambaa, akakishika kikaratasi chenye neno "ziwa", akaunga upya waya uliokatika, na kabla ya rozari kwisha ziwa likameremeta tena.

Shahidi wa mji wetu

Huenda mmoja wenu atasema: mambo ya waya na vitaa ni madogo mno kwa tafakari ndefu namna hii. Bwana wetu mwenyewe hakuyaona madogo. Alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika kitu kidogo ndiye anayeaminika katika kikubwa, na kwamba Baba huona yaliyofanyika sirini.

Tena mji wetu unaye shahidi wa fundisho hilo. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa Goma mwaka 1981. Alikuwa kijana wa jumuiya ya Sant'Egidio, aliyewafundisha na kuwalisha watoto wa barabarani. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya taifa ya ukaguzi wa bidhaa, ambako alipaswa kuzuia vyakula vilivyoharibika visiingie sokoni. Aliahidiwa fedha, akatishwa, ili tu afumbe macho chakula kibovu kipite. Alikataa, maana waliotazamiwa kukila walikuwa watu wa mji huu. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Angalieni vizuri: Floribert hakuuawa jukwaani akihubiri. Aliuawa kwa ajili ya sahihi ambayo hakuitia kwenye karatasi. Mamia ya watu walikula salama siku hizo bila kujua jina lake, kama tunavyotazama mlima na ziwa bila kujua nyaya zinazotuletea mwanga. Ukweli wake ulikuwa chini ya kitambaa, na Mungu ndiye aliyekiinua.

Hivyo basi, vijana wapendwa, mnapoanza kujenga pango lenu, tunawasihi mambo mawili. Jengeni nchi yenu kama ilivyo, pamoja na mawe yake, mabidoni yake, chukudu zake na mahema yake, kwa sababu Neno alifanyika mwili mahali palipo na jina. Na sehemu isiyoonekana ifanyeni kwa uaminifu uleule. Mji wetu hauna upungufu wa vitu vinavyong'aa kwa nje. Unahitaji mafundi, wauguzi, waalimu, wakaguzi na wafanyabiashara ambao, mtu akiinua kitambaa cha kazi yao wakati wowote, atakuta kila waya mahali pake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Pango la parokia yetu linafanana na mahali gani? Ni kitu gani cha mtaa wetu ambacho hakijapata nafasi ndani yake, na kwa nini?

2. Nani tunayepaswa kumwendea na kumsikiliza kabla ya kumchora au kumsemea?

3. Katika masomo, kazi au biashara yetu, ni waya gani tunaoupitisha nyuma kwa kudhani hakuna atakayejua? Nani anaulipia?

4. Mwenzetu akileta pendekezo lisilo halali kwa nia njema, tutamjibuje bila kumpoteza?

Sala

Ee Yesu, uliyekubali kulazwa penye nyasi za wanyama, utupe macho ya kuitazama nchi yetu na watu wake bila kuwaonea haya. Utupe mikono safi katika kazi zionekanazo na katika zile unazoziona wewe peke yako. Kwa maombezi ya Mwenyeheri Floribert, uutie mji wetu mwanga ulio wa halali, na amani idumuyo. Amina.